Noti za Kopo la Mtoto

Nerio dereva hakuzihesabu. Alilipokea fungu la kwanza, akaligeuza huku na huku kama mtu anayekagua nyanya zilizolala, kisha akamrudishia Otilia kupitia dirisha la basi.

"Hizi za mia mia siwezi, mama Otilia."

"Benki ndiyo imenipa jana. Hata kamba yake sijaifungua."

"Basi irudishie benki yenyewe. Mwenye tairi hazitaki, mwenye oili hazitaki. Nikizichukua nitazifanyia nini, niwashie jiko?"

Nyuma yake foleni ilisogea na kumsukuma kidogo. Mtu mmoja alisema bibi ameleta karatasi za kufungia jibini, na wawili watatu wakacheka kicheko cha asubuhi, kifupi, cha watu ambao hawajanywa kahawa. Otilia hakugeuka. Jumatatu ilikuwa siku ya wastaafu pale benki ya Boconó, na yeye alikuwa amesimama ukutani tangu saa tisa za usiku hadi saa tano mchana. Dirishani msichana alimsukumia mafungu matano, akamwambia ndicho kilichopo leo, weka sahihi hapa. Bolivari elfu hamsini kamili. Nauli ya watu wawili kwenda Valera na kurudi ilikuwa elfu arobaini na nane. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa ameukumbatia mkoba wenye noti hizo kifuani.

Alimuuliza Nerio kama anaweza kupokea kwa kadi. Nerio akamwonyesha usukani, akamwonyesha kioo kilichopasuka, akamuuliza mashine ya kadi angeichomeka wapi. Hakusema kwa ukali. Alisema yeye si mtu mbaya, mama anamjua tangu akiwa mdogo, lakini abiria mmoja akipanda na noti za mia mia, kesho watapanda wote.

Mumewe, Evaristo, alikuwa ameketi kwenye benchi la saruji, kofia magotini. Alivaa ndala ambazo Otilia alikuwa amezikata kwa kisu upande mmoja ili miguu ipite, maana viatu vilikuwa vimeacha kumwingia tangu Desemba. Basi lilipoondoka saa kumi na moja na robo, alivaa kofia, akamnyooshea mkewe mkono ili amwinue.

Mashine ya kumsafisha damu ilikuwa Valera, na siku zake zilikuwa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Figo zote mbili zilikuwa zimekwisha. Daktari aliwaeleza kwa upole, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kanisani: ukikosa siku moja utajisikia vibaya, ukikosa na ile inayofuata, maji yatatafuta moyo.

Leo ilikuwa Jumanne.

*

Duka la Leonidas lilikuwa na kipande cha boksi mlangoni chenye safu mbili za bei, moja imeandikwa NOTI, nyingine KADI. Sukari kwa kadi ilikuwa zaidi ya mara mbili ya sukari kwa noti. Hakuna aliyeshangaa tena. Watu waliingia, wakasoma safu yao, wakatoka.

Leonidas aliuza noti pia. Unampitishia kadi laki moja, yeye anakupa noti kutoka droo ya chini. Wiki iliyopita alikuwa anatoa elfu hamsini. Otilia alipofika na kumwambia shida yake, Leonidas alikuna shingo, akasema leo ni arobaini.

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Noti zimeadimika, mama. Mimi mwenyewe nazinunua."

Akaunti yake ilikuwa na laki moja na elfu kumi. Ndiyo ilikuwa imebaki ya pensheni yake na ya mumewe baada ya mahindi, mayai kumi na dawa ya presha. Leonidas akapiga hesabu ubaoni kwa kidole kilicholowa: angempa elfu arobaini na nne. Ilipungua elfu nne kufikia safari moja. Otilia aliuliza kama angemwongezea hizo nne, alipe mwezi ujao. Leonidas hakukataa wala hakukubali. Alianza kupanga sabuni zilizokuwa zimepangwa tayari. Otilia akaelewa, akamuaga kwa heshima, akamwombea siku njema.

Kabla ya kuaga alikuwa ameyaweka mafungu ya mia mia kaunta, akamwambia achague anayoyataka. Leonidas aliyatazama akasema hata bure hana pa kuyaweka.

Jioni hiyo Evaristo alikunywa kikombe kimoja cha maji alichoruhusiwa, kwa kijiko. Aliyefanya kazi miaka thelathini na minane ya kupima kahawa kwenye mizani ya tajiri, bila kuegemeza kidole upande wowote, sasa alikuwa anajipimia maji.

*

Mwaka huo Mtoto Yesu wa mtaa wao alilala nyumbani kwa Otilia. Alikuwa sanamu ya mti, mrefu kama kiganja, amelazwa juu ya majani makavu kwenye kona ya sebule, na ilibidi asimamishwe kabla ya tarehe mbili Februari. Hakuna nyumba kule milimani inayomwacha Mtoto amelala baada ya siku hiyo. Sherehe ilipangwa Jumamosi saa kumi alasiri. Evaristo alichaguliwa kuwa mmoja wa wasimamizi wanne wa kushika pembe za kitambaa cha hariri ambacho Mtoto hubebewa akizungushwa mtaani, na mpiga fidla, mzee Amable, angeshuka na wenzake wawili kutoka vijiji vya juu, kule kwenye baridi na viazi, ambako simu haishiki. Waliahidiwa elfu themanini. Kwa noti, bila shaka.

Karibu na sanamu palikuwa na kopo la biskuti lililotobolewa mfuniko. Tangu Krismasi majirani walikuwa wanapita, wanambusu Mtoto mguu, wanatumbukiza chochote. Mtu anaweza kulipa mkate kwa kadi, lakini nani atamtumia Mtoto sadaka kwa simu? Kwa hiyo ndani ya kopo lile, katika mtaa mzima usio na noti, mlikuwa na noti. Na nzuri, za elfu kumi na za elfu ishirini, kila mtu akitoa iliyo safi kuliko zote alizokuwa nazo. Otilia alizihesabu Jumapili mbele ya komadre wake Edicta, aliyemshikia mtoto wake wa kwanza ubatizo. Laki moja na elfu kumi. Sawasawa na akaunti yake.

Jumatano mchana Evaristo alikuwa amelala, mdomo wazi, akihema kama mtu aliyepanda kilima. Otilia alikaa kwenye kiti mbele ya Mtoto muda mrefu. Kisha akafungua kopo kwa ncha ya mkasi, akatoa elfu tisini na sita. Safari ya Alhamisi, na safari ya Jumamosi ya asubuhi. Wangekuwa wamesharudi kabla ya sherehe.

Hakutaka kitu kibaki kati yake na Mtoto. Papo hapo alichukua simu, akatuma elfu tisini na sita kwenye akaunti ya Edicta, kwa sababu Edicta ndiye aliyekuwa ananunua divai na keki za sherehe kwa kadi yake. Ulipokuja ujumbe wa benki kwamba pesa imefika, aliusoma mara mbili. Akaandika kwenye karatasi: "Zilizotoka humu zimetumwa kwa Edicta. Zote. Otilia." Akaikunja, akaitumbukiza ndani ya kopo, akafunga.

Alijisikia mwepesi. Alikuwa ametoa tisini na sita, amerudisha tisini na sita. Hata padre asingekuwa na la kusema.

*

Alhamisi Nerio alizipokea noti bila kuzigeuza, na akamwita mzee Evaristo akae kiti cha mbele. Kule Valera walimfunga kwenye mashine saa nne, wakamtoa lita tatu na nusu za maji. Alipotoka uso wake ulikuwa umepata mifupa tena. Ilibidi Otilia na muuguzi wamshike kwapani hadi benchi la nje, kama kila siku, kwa sababu baada ya mashine magoti yake yalikuwa hayana nguvu kwa saa nzima.

Akiwa pale benchini aliuliza noti zimetoka wapi.

"Nimebadilishana na mtu," alisema Otilia.

"Kwa bei gani?"

"Sawa kwa sawa."

Evaristo alicheka, akasema huyo mtu ni mtakatifu au ni mwehu. Otilia alimwambia anyamaze, asichoke.

*

Edicta alikuja Ijumaa alasiri. Hakuingia kwa kupitiliza jikoni kama kawaida yake. Alibisha hodi, akangoja. Otilia alimkaribisha kahawa, iliyokuwa imechemshwa mara ya pili, na Edicta akaisifu. Waliongea kuhusu mvua, na kuhusu mwalimu aliyeondoka na mkewe kwenda Kolombia bila kuaga. Mlango wa chumba ulikuwa umeegemezwa tu. Ndani Evaristo alikuwa kitandani, na wote wawili walidhani amelala.

Kisha Edicta akatoa simu yake, akaiweka mezani katikati ya vikombe.

"Nimepata ujumbe, komadre. Nikadhani benki imekosea. Nikaja asubuhi ukiwa sokoni, nikafungua kopo."

"Umeiona karatasi."

"Nimeiona."

"Basi umeona kwamba imerudi yote."

Edicta alikizungusha kikombe chake. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyezoea kusema kila kitu kwa sauti, na ilikuwa vigumu kwake kusema hili kwa sauti ndogo. Alieleza kwamba amekwenda kwa Leonidas. Kwa zile tisini na sita za kwenye kadi Leonidas anampa noti elfu thelathini na nane tu. Ukijumlisha na kumi na nne zilizobaki ndani ya kopo, hazifiki sitini. Na mzee Amable na wenzake ni themanini.

"Bolivari ni bolivari, Edicta. Imeandikwa juu ya noti, imeandikwa kwenye simu."

"Kamwambie hivyo Nerio."

"Nilitoa tisini na sita nikarudisha tisini na sita. Niambie nimeiba senti ngapi."

"Sijasema umeiba. Neno hilo umelitaja wewe." Edicta aliinamisha kichwa. "Umenirudishia namba, komadre. Watu walitoa noti. Jirani yetu doña Chepa alitembea na ile elfu ishirini yake wiki mbili, hanunui nyama, anamwekea Mtoto. Nitamwambia nini? Kwamba imekuwa namba?"

"Ndani ya kopo zilikuwa zinaoza. Leo zinanunua hiki, kesho zinanunua nusu ya hiki. Unajua. Zimempa mtu siku mbili za kupumua."

"Najua."

"Basi sema na mimi kama mtu anayejua."

Edicta alisema angetafuta njia, angemwomba Amable apokee nusu, angewaomba watu watoe tena. Otilia asiseme chochote kwa mtu. Ila alitaka tu komadre wake ajue kwamba yeye ameelewa. Na kwa nini, aliuliza, hakumwambia mapema. Wangelitafuta pamoja.

"Ungenikatalia."

"Labda," Edicta alisema. "Labda ningekukatalia."

Mlango wa chumba ulifunguka. Evaristo alikuwa amesimama, mkono mmoja ukutani, miguu mitupu imevimba kama mikate. Alikuwa amefika kwenye kabati na kurudi, peke yake, jambo ambalo hakulifanya kwa wiki nyingi. Mkononi alikuwa na noti za safari ya Jumamosi, ambazo Otilia alizificha ndani ya soksi.

"Hizi hapa arobaini na nane," alimwambia Edicta. "Zirudishe mahali pake. Zile za Alhamisi zimeshaliwa, hizo utanisamehe."

Otilia alisimama kumzuia. Alimwambia hajui anachofanya, amwachie mambo haya. Edicta naye alisukuma noti zile kwa mkono, akasema hapana, mzee, sikuja kwa ajili hiyo, naapa kwa Mungu sikuja kwa ajili hiyo. Wote watatu walikuwa wanasukumiana noti juu ya meza, na kikombe kimoja kikamwagika.

"Kesho nashika pembe ya kitambaa," Evaristo alisema. "Mnataka nimshike Mtoto huku nimepanda basi kwa pesa yake?"

"Mtoto hali, Evaristo. Mtoto ni wa mti."

"Doña Chepa anakula."

Aliketi pembeni ya meza, akihema, akazitazama noti mpaka Edicta alipozichukua. Alizichukua akilia, na alipofika kwenye kopo vidole vilishindwa kuzikunja zipite kwenye tundu.

*

Jumamosi saa kumi na moja na robo alfajiri basi la Nerio lilishuka kwenda Valera. Otilia alilisikia kutoka kitandani likibadilisha gia kwenye kona ya makaburi. Usiku alikuwa amebembeleza, amekasirika, amenyamaza, amebembeleza tena. Evaristo alijibu neno moja kila mara, Jumanne. Jumanne nitakwenda.

Alasiri walimvalisha koti lake la arusi. Halikufunga vifungo. Watu walikuja wengi kuliko mwaka uliopita, labda kwa sababu ya keki, na doña Chepa alimbusu Otilia mashavu yote mawili bila kujua chochote. Evaristo aliweza kushika pembe yake kutoka mlangoni hadi kwenye mti wa pili wa mtaa. Hapo mkono wake ulishuka na Mtoto akainama upande wake, na kijana wa jirani akaipokea pembe kwa adabu, kama vile zamu ilikuwa imepangwa hivyo. Evaristo akawafuata nyuma akiwa ameshikiliwa na mkewe. Mzee Amable alikuwa anapiga fidla macho yamefumbwa, na wale wawili wanaitikia kwa gitaa na kuatro ya nyuzi nne, na nyimbo zilikuwa zilezile za kila mwaka.

Mtoto alisimamishwa. Walimfunga utepe kiunoni asianguke, wakawasha mishumaa, wakagawa divai kidogo kidogo kwenye vikombe vya plastiki.

Ilipofika wakati wa kuwalipa wapiga muziki, Edicta alibeba kopo jikoni, mzee Amable akimfuata. Otilia alikuwa pale anasuuza vikombe. Edicta alimimina noti mezani, elfu sitini na mbili pamoja na elfu sita zilizotumbukizwa siku hiyo, akaanza kumweleza mzee Amable kwamba wamepungukiwa, kwamba ni mwaka mgumu, atawasamehe.

Mzee Amable alizitazama noti bila kuzigusa. Alivua kofia.

"Binti yangu, hizo zibaki nazo nyie. Kule juu hakuna anayezipokea tena. Tangu mwaka mpya. Mwenye viazi anataka chumvi, mwenye chumvi anataka kahawa."

"Tulikuahidi noti."

"Mliniahidi Novemba. Novemba nilizitaka." Alisema hivyo kwa kuona haya, kama aliyeharibu sherehe ya watu. "Mkinipatia chumvi kilo tatu, na sabuni ya mama watoto ya kufulia, tutakuwa tumemalizana. Na hawa vijana vilevile. Kama haitawasumbua."

Edicta alimtazama Otilia. Otilia aliendelea kusuuza kikombe kilichokuwa safi.

Chumvi na sabuni zilikuwapo dukani kwa Leonidas, na kwa vitu hivyo Leonidas alipokea kadi. Edicta alitoka mbio kabla hajafunga. Alilipa kwa zile tisini na sita.

*

Jumapili Evaristo hakuweza kulala chini. Walimkalisha kwenye kiti na mito mitatu. Jumatatu midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Mashine hazifanyi kazi Jumapili, na Jumatatu ni zamu ya wagonjwa wengine. Otilia hakuwa na salio, akaenda kwa padre kupiga simu kule kliniki kuomba nafasi yoyote. Aliambiwa wako ishirini na mmoja kwa mashine tisa, mlete kesho kama kawaida.

Edicta alikuja jioni na kopo zima kwapani. Alisema ni uamuzi wa mtaa. Pengine ulikuwa uamuzi wa mtaa, pengine ulikuwa wake, Otilia hakuuliza. Elfu sitini na nane, alisema, ni zenu, mpande wote wawili mrudi wote wawili, na zinazobaki mnunue supu. Walikumbatiana mlangoni bila kusema mengi.

Jumanne kituoni palikuwa na karatasi mpya imebandikwa kwenye kioo cha basi. Nauli, elfu ishirini na tano.

Otilia aliisoma. Alimtafuta Nerio, na Nerio, kabla hajaulizwa, alisema imepanda jana jioni, chama ndicho kimeamua, mafuta, matairi, mama anajua. Otilia alisimama na noti mkononi akazipanga upya, kana kwamba zikipangwa vizuri zingeongezeka. Watu wawili kwenda na kurudi, laki moja. Mtu mmoja kwenda na kurudi, hamsini. Zingebaki kumi na nane. Hata kwenda tu, Otilia asingefika kwa hizo.

Alimwomba Nerio ampandishe kwa hizo kumi na nane, hata akisimama. Nerio alitazama foleni. Ilikuwa ndefu, na wote walikuwa na noti.

"Nikimpunguzia mmoja watataka wote, mama."

Evaristo alikuwa ameshaanza kupanda ngazi, mguu mmoja, kisha mwingine kwenye ngazi ile ile. Utingo alimsukuma kwa nyuma. Otilia alimpitishia noti dirishani: ishirini na tano mkononi za kwenda, ishirini na tano mfuko wa shati, za kurudi, na akaufunga mfuko kwa pini.

"Ukitoka kwenye mashine usisimame," alimwambia. "Kaa palepale mpaka muuguzi aje. Mwambie mkeo amesema."

"Nitamwambia."

"Usitoke peke yako kwenye benchi la nje. Nerio anarudi saa nane. Nimemwambia aje akuchukue mlangoni."

"Sawa."

"Umesikia lakini?"

"Nimesikia, Otilia. Nenda nyumbani, kuna baridi."

Hakwenda nyumbani. Aliketi kwenye benchi la saruji hadi jua lilipofika miguuni mwake. Halafu akaona ni upumbavu kukaa pale, akaenda kufua mashuka.

*

Simu ya kliniki ilikuja kwa padre, kwa namba aliyopigia jana yake, saa tano na nusu. Walikuwa wamemfunga kwenye mashine, na damu ilikuwa imeanza kuzunguka. Hakuna aliyemnyima kitu. Moyo ulikuwa umechoka, muuguzi alisema, ulikuwa unaogelea kwa siku mbili.

Basi la saa sita liliwachukua Otilia na Edicta, na hakuna aliyewadai nauli. Kule kliniki walipewa ndala zilizokatwa, kofia, na shati lenye mfuko uliofungwa kwa pini. Muuguzi, mwanamke mdogo mwenye macho mekundu ya usingizi, alisema mzee alikuwa mpole sana, alikuwa anauliza tu saa ngapi, kwa sababu kuna basi la saa nane. Otilia alisema ndiyo. Alikuwa bado ana povu la sabuni limekauka kwenye viwiko.

Chumba cha maiti hakikuwa na umeme. Wakaambiwa kwa heshima kwamba ni vizuri aondolewe leo leo.

Nje ya lango palikuwa na gari la mizigo lenye turubai, na mwenye gari alikuwa amekaa ubavuni anakula arepa, mkate wa mahindi. Ndiye aliyekuwa anapandisha watu wa namna hii milimani. Alipowaona alifuta mikono, akavua kofia, akatoa pole kama inavyotakiwa. Akauliza ni wapi. Boconó, alisema Edicta. Akapiga hesabu kimya.

"Noti laki tatu," alisema. "Kwa kadi ni laki nane. Noti au kadi, mama?"

Alimuuliza Otilia, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amebeba shati. Otilia alimtazama mdomo ukifunguka na kufungwa. Alikuwa amesikia kila neno, na hakuna lililofika.

"Mama. Noti au kadi?"

Edicta alimsogeza komadre wake pembeni, akamketisha kwenye ukingo wa njia. Kisha akainua mikono yote miwili masikioni. Hereni ya kwanza ilitoka kwa urahisi. Ya pili ilikuwa haijavuliwa tangu arusi yake na ilikuwa imeshikwa na nyama. Aliinamisha kichwa, akauma mdomo, akaivuta. Akamwekea mwenye gari zote mbili kiganjani, moja ikiwa na damu kidogo.

Mwenye gari alizipandisha na kuzishusha mara mbili, akiona uzito wake. Hakusema ni nyingi wala hakusema ni kidogo. Alizitia mfukoni, akaenda kufungua mlango wa nyuma.